Mvua ya Alhamisi kwenye Vichanja vya Bibi

Rumonge, karibu na mwalo wa ndagala
Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Evangelina,

Amahoro, Shangazi, na shikamoo juu yake, usije ukasema Burundi imenisahaulisha adabu za Katumba. Kabla hujaketi vizuri ujue kwamba karatasi uliyoshika imetoka kwa mtu mkubwa. Siku hizi mawingu ya Kongo yakitaka kuvuka ziwa yanapitia kwangu kuomba ruhusa. Usicheke. Uliza Rumonge nzima, uliza mpaka Gitaza kwa wale wauza samaki wa barabarani, watakuambia: Barnaba wa Bibi Kezia, yule mrefu, mzuri wa sura, ndiye ambaye Roho humpa habari za mvua kabla redio haijaamka.

U hali gani lakini? Mgongo unaendeleaje, na yule jogoo wako mwenye hasira za jemadari bado anawafukuza wageni? Na Revokatus, binamu yangu mpendwa, ameshajua kuendesha pikipiki au bado pikipiki ndiyo inamwendesha yeye? Nilisikia habari za mtaro. Nilimwombea, baada ya kucheka.

Sisi huku tu wazima. Bibi, mama yako, ana nguvu, na yale meno yake manne yanafanya kazi ya thelathini. Yuko hapa mlangoni anachambua maharage, ananitazama kwa pembeni. Unaijua sheria yake: barua ya nyumba hii haifungwi mpaka asomewe yote kwa sauti, kwani yeye hasomi, lakini masikio yake yamesoma mpaka chuo kikuu. Hapo penye meno nitaruka nikimsomea.

Najua utauliza kwa nini sikukutumia sauti kwa simu kama watu wa sasa. Simu yako hushikwa na Revokatus, na habari ikifika kwa Revokatus hata jogoo anaijua. Hii nataka uisome wewe, kwa miwani yako. Joanita muuza mawese anapanda boti ya Kigoma Jumatatu, ataiweka ndani ya kitenge mpaka apate mtu wa Katumba.

Sasa jambo lenyewe. Kesho Jumapili Pasta Tadeo ananiwekea mikono mbele ya kanisa lote. Napewa huduma ya kuhubiri mwaloni kila Jumanne asubuhi, wavuvi wanapotoka majini na samaki wao. Mimi, Shangazi, niliyeacha shule darasa la tisa kwa sababu Kifaransa kilinikataa nami nikakikataa. Bibi ameshapiga pasi shati langu jeupe mpaka linaogopa kuvaliwa. Naomba uniombee. Naomba pia unisomee mpaka mwisho, maana kuna kitu kimenikaa kooni kama mwiba wa ndagala, hizi dagaa za huku, nawe unajua mwiba wa ndagala haumkwami mtu. Nitakifikia. Niache kwanza nizunguke kidogo.

Ungeliona ziwa leo. Asubuhi lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotulia kwenye kibuyu, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Milima ya Kongo haikuwapo. Halafu ukigeuka kufunga kiatu, ukiinua macho, hiyo hapo, buluu, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuita jina na kuitikiwa. Halafu inaondoka tena. Nikiitazama sana nasahau kama nimeketi au nimesimama. Upepo ukitoka Kizuka unaleta harufu ya mawese yanayochemka, ukitoka majini unaleta harufu ya samaki, na mimi niko katikati, nanuka vyote viwili, na bado wasichana wa korali, kwaya yetu, wananisalimia.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, wewe unaujua tangu nikiwa mtoto. Macho yangu yakipata maji ya kutazama, akili inachukua likizo.

Nikueleze utaratibu wa hapa kwetu, kwa sababu bila huo hutaelewa. Ndagala zinaanikwa juu ya vichanja pale juu ya mchanga, na lazima mtu awepo: azigeuze jua likipanda, afukuze kunguru, na mvua ikitishia azizoe mbio ndani ya vikapu na kufunika na shitingi, lile turubai la plastiki. Ndagala ikilowa siku ya mawingu imekwisha. Sasa akina mama wa kanisa wana maombi yao Alhamisi, kule juu kanisani, saa za mchana. Nani abaki na samaki? Ni Mama Mwamini.

Sijui kama Bibi aliwahi kukuambia vizuri habari za Mama Mwamini. Ni Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Rumonge, babu yake alitoka Kongo zamani za Wabelgiji. Tuliporudi kutoka ukimbizini Katumba, watu walicheka Kirundi cha Bibi mpaka akaogopa kwenda sokoni. Mama Mwamini ndiye alimwambia, kwa Kiswahili, kaa hapa karibu yangu, kichanja changu ni kirefu. Tangu hapo ikawa hivi: Alhamisi Mama Mwamini anachunga samaki za wanamaombi, na Ijumaa yeye akienda msikitini Bibi anageuza za kwake. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyeapa. Ilikuwa tu hivyo, kama jua linavyopanda.

Mwezi uliopita nikaleta akili zangu. Nilisimama mbele ya akina mama pale vichanjani nikasema, kwa sauti ile ya kipaza sauti ambacho sina, kwamba samaki za watu wa maombi zichungwe na mtu wa maombi, na kwamba nimesikia wito, na kwamba hii ndiyo itakuwa huduma yangu. Wakafurahi. Kijana anayejitolea ni adimu kuliko mukeke, yule samaki mtamu wa ziwa letu, wa bei rahisi. Bibi alinishika kichwa akaniombea palepale.

Mama Mwamini alikuwa akisikia. Hakununa. Alisema tu, "Sawa, mwanangu. Lakini weye mutoto ujue, samaki hizi hazitaki mahubiri, zinataka kugeuzwa."

Akina mama wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Basi ikafika Alhamisi, si hii ya juzi, ile iliyotangulia. Nikuambie kwanza kama Rumonge inavyoisimulia. Akina mama wako juu kanisani, wanaimba. Ghafla mabati yanapigwa, mvua, ile ya kutoka ziwani isiyobisha hodi. Wanatoka mbio, wanateremka kilima wakishika vitenge vyao, wanajua wamekwisha, maana vichanja ni vingi na mlinzi ni mmoja, tena ni Barnaba. Wanafika. Vichanja vitupu, vikapu vimepangwa, shitingi limetandazwa juu, mawe juu ya kona. Hakuna samaki hata moja iliyolowa. Na mimi nimesimama pale, nimelowa chapachapa, nashika kona ya shitingi kama nahodha.

"Barnaba, nani amefanya hivi?" wakauliza.

Nikajibu, "Ni Bwana."

Vigelegele vilivyopigwa, Shangazi, nadhani mlivisikia Katumba mkadhani kuna harusi.

Jumapili Pasta Tadeo akaniita mbele. Akasema mtu mmoja hawezi kuzoa vichanja vyote vile mvua ikiwa imeanza, kwa hiyo lazima aliambiwa mapema, na nani mwingine wa kumwambia kama si Roho. "Huyu kijana iko na wito," akasema, "na wito hauachwi ukae chini." Kanisa likapiga makofi. Bibi akalia, akajifuta kwa ncha ya kitenge, na jioni akanipa kipande cha mukeke chenye kichwa, kile ambacho huwa anakula mwenyewe na hampi mtu.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Ukiipenda, unaweza kuishia hapa na kuwaambia jirani zako kwamba ukoo umepata nabii.

Nakuona umeshusha miwani. Haya.

Nakumbuka mandazi yako, Shangazi. Tulipokuwa Katumba, nikiwa mdogo kiasi cha kuingia chini ya meza yako, ulikuwa unaomba ukikaanga. Midomo inaenda, na macho yako wazi, kwenye mafuta. Nilikuwa nakutania kwamba Mungu hasikii maombi ya mtu anayetazama sufuria. Ukaniambia, "Nikifumba macho yataungua, na Mungu hakuniomba mandazi meusi." Nilicheka miaka mingi. Huwa nakuigiza hapa, na sauti yako ile ya puani, na watu wanapenda.

Alhamisi ile jua lilikuwa kali asubuhi. Niligeuza ndagala mara moja, vizuri, kwa mkono mwepesi. Zilikuwa zinang'aa kichanja hadi kichanja, kama mtu amemwaga sindano za fedha juu ya nyasi. Halafu wimbo wa akina mama ukaanza kuteremka kutoka kilimani. Unajua sauti ya mbali inavyofika juu ya maji, polepole, imepoteza maneno njiani, umebaki mvumo tu. Nikapanda juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya vichanja ili nisikie. Nikajiambia nitaomba kidogo. Nikafumba macho.

Sikuomba. Nilianza, kweli, nilisema "Baba". Lakini ndani ya macho niliona mashua, nami nimesimama ndani yake kwa shati jeupe, na ufuko wote umejaa watu kutoka hapa mpaka Muhuta, wamekaa mchangani wameshika tama. Sauti yangu ilikuwa inateleza juu ya maji bila kipaza sauti. Wavuvi waliacha nyavu. Hata ndagala zilitoa vichwa nje ya maji kusikiliza, zote zimenielekea, na milima ya Kongo ikasogea kidogo ili isikie. Nilikuwa nahubiri habari za kukesha, Shangazi. Sikuwahi kuhubiri vizuri hivyo. Wingu liliingia hata ndani ya ndoto, likapita juu ya watu, na mimi nikalinyooshea mkono, nalo likasimama.

Tone la kwanza lilinipiga kwenye kope.

Nilipoteremka lile jiwe, nikianguka nikiinuka, vichanja vyetu vilikuwa vimeshakuwa vitupu. Mama Mwamini alikuwa ameinama juu ya kikapu cha mwisho, ushungi umemwangukia mabegani, anavuta shitingi kwa mkono mmoja na jiwe kwa mkono mwingine. Alikuwa ameliona wingu likiwa bado upande wa Kongo. Aliniita, anasema, mara nyingi. Mimi nilikuwa Muhuta, nahubiri.

Hakunigombeza. Alisema, "Shika hapa," akanionyesha kona. Nikashika. Akakimbia kwenda kwenye kichanja chake, kile kirefu, kilichobaki wazi. Mvua ilifika kabla yake. Nilimwona kwa nyuma, amesimama katikati ya maji, mikono imening'inia, hata hakujaribu kuzoa.

Ndipo akina mama wakateremka.

Siku zilizofuata zilikuwa za mawingu tupu. Samaki za Mama Mwamini zilianza kunuka, na watu wetu walisema, maskini, yeye hakuwa na mtu wa kumwombea. Yalisemwa mbele yangu. Niliyasikia nikiwa natafuna ule mukeke wenye kichwa.

Ijumaa ile, kesho yake ya mvua, Bibi alikwenda kugeuza za Mama Mwamini kama desturi, akakuta kichanja kitupu, zilizolowa ameshaziondoa. Jana Ijumaa akaenda tena. Kichanja hakipo, kimehamishwa mpaka ng'ambo ya mitumbwi iliyopinduliwa. Akarudi nyumbani, akaketi hapo mlangoni alipoketi sasa, akaniuliza, "Barnaba, nimemkosea nini Mwamini?" Nikasema sijui. Akasema labda anaona haya kwa ajili ya samaki. Tangu jana anachambua maharage ambayo yalishachambuliwa.

Leo asubuhi nilikwenda. Usidhani nilikwenda kishujaa, nilipita kama mtu anayetafuta mbuzi. Mama Mwamini alikuwa anafunga upya miguu ya kichanja kwa kamba.

"Karibu, nabii," akasema bila kuinua kichwa.

"Mama, habari za asubuhi."

"Nzuri. Nasikia kesho ni siku yako. Utahubiri vizuri, sauti unayo. Shikilia huo mti."

Nikaushika. Nikasema, "Samaki zako..."

"Zimeliwa na bata. Bata pia ni viumbe."

Tukafunga mguu wa kwanza, tukafunga wa pili. Nikamuuliza kwa nini alianza na zetu, wakati za kwake zilikuwa palepale. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu.

"Za kwenu, wenyewe hawakuwepo," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Halafu akasema kwamba hana hasira na Bibi, ila haoni anaweza kuketi vipi pale ambapo watu wanapiga makofi kila wanapovitazama vichanja vyenu. Na kwamba niende, jua limepanda, yeye ana kazi. Hakuniomba niseme chochote kwa mtu. Angeniomba, ningekasirika kidogo na ingekuwa rahisi.

Nikarudi kwa njia ya majini, viatu mkononi. Milima ilikuwa imeondoka tena. Ziwa lilikuwa limelala wazi, linatazama juu bila kupepesa. Nilijaribu kuomba kama wewe, macho wazi, nikitembea. Ni kazi ngumu, Shangazi. Kila kitu kinaingia: kunguru, gamba la samaki, mtoto anayefua soksi moja, kichanja kirefu kilichowekwa peke yake. Lakini sikuiona ile mashua, wala lile shati.

Nimekwishaamua mambo mawili, na kwa kawaida yangu nikiamua nahubiri, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Alhamisi zirudi kwa Mama Mwamini kama atakubali kuzipokea, na Ijumaa Bibi apumzishe mgongo, nitageuza mimi, jiwe lile nisiliguse. Habari za Jumanne za mwaloni nimwachie Pasta Tadeo aone kesho, baada ya kunisikia. Huenda lile shati likavaliwa bure. Nitalivaa hata hivyo, Bibi amelipigia pasi sana.

Msalimie baba yake Revokatus, mwambie kofia aliyonipa bado iko, panya walikula upande mmoja tu. Msalimie dada Rachelle na yule mtoto wake mpya ambaye nasikia ana masikio yangu, basi ana bahati. Revokatus mwambie nampenda, na pikipiki ina breki, ziko mguuni. Jogoo msimsalimie.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na ayaache macho yako wazi hivyo hivyo juu ya sufuria, sisi tunaofumba tupate mtu wa kutuita.

Bibi amemaliza maharage. Amejifuta mikono, amesogeza kigoda. Anasema, "Haya mutoto, soma." Penye meno nitaruka, na penye mukeke labda. Hili hapa sitaruka, nimeliandika mwisho ili libaki masikioni mwake, hata kama barua hii haitavuka ziwa:

Akina mama waliuliza ni nani aliyeokoa samaki zao. Nikasema ni Bwana, nikijua wataelewa ni mimi. Alikuwa Mama Mwamini.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, akupendaye hata ukininunia,
Barnaba